Mchanga Haukuwa na Kosa

Hapa Kasulu tulimwita Fundi. Ukisema Fundi peke yake, bila kuongeza neno, watu walijua humaanishi fundi cherehani wala fundi pikipiki. Walijua ni yule mzee mwembamba wa kaunta za jikoni. Jina lake nalijua, lakini silitaji. Nimekwisha kulitumia vibaya vya kutosha.

Alikozaliwa na nani alimzaa sitasimulia, maana yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Watu walisema ametoka Burundi akiwa mtoto mgongoni. Wengine, wakikasirika, walimwita mkimbizi, ingawa alikuwa na karatasi yake ya uraia ameikunja ndani ya nailoni na kuiweka kwenye Biblia. Nilimsikia siku moja akitaniwa na mwenye duka la saruji: "Wewe mzee si Mtanzania wa kuzaliwa, umepakwa tu juu." Fundi hakukasirika. Akajibu, "Ego, ndiyo, nimepakwa. Lakini jaribu kunibandua."

Kazi yake ilikuwa kuzivisha upya kaunta za zege. Nyumba nyingi za hapa zilizojengwa zamani zina kaunta jikoni, zege gumu lililomwagwa na fundi wa nyumba kwa haraka, likaachwa na vishimo vinavyomeza mafuta na kufuga mende. Wenye uwezo walizibomoa wakaweka marumaru. Sisi wengine tulimwita Fundi. Yeye hakubomoa. Alikuwa akisema kitu kilichobeba masufuria miaka ishirini hakistahili nyundo, kinastahili nguo mpya.

Siku ya kwanza hakugusa chombo. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akaomba upike kama unavyopika siku zote, naye akatazama: unakatia wapi vitunguu, sufuria unaitua wapi, maji yanatiririkia upande gani. Wanawake wengine waliona aibu kutazamwa. Mimi niliona anapoteza muda, nikamwambia. Akaniambia, "Mwalimu, fundi anayepima kaunta bila kumwona mpishi anatengeneza meza ya kulazia maiti."

Siku ya pili aliligonga zege lote kwa kipini cha nyundo, sikio akilitega karibu. Palipolia kama ngoma palikuwa hapajashika, akapatoa kwa tindo. Kisha akachanjachanja uso wote ili tabaka jipya lipate pa kushikilia, akaosha, akasugua, akaosha tena. Mchanga aliuchekecha mara tatu, mara ya mwisho kwa kitambaa cha chandarua, mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Alipoanza kupaka, hakuzungumza na mtu. Mwiko ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi, na ungedhani mzee yule amelala wima, isipokuwa mkono.

Akimaliza alifunika kwa magunia yaliyolowa, ndipo akaanza maneno. Watu husema zege halilali. Fundi aliuchukia msemo huo. "Zege linalala," alisema. "Linalala siku saba. Ukiliamsha kabla, litakuwa na hasira maisha yake yote." Siku saba ulimwagilia maji asubuhi na jioni, hukuweka kitu juu, hata kijiko. Siku ya saba alirudi mwenyewe na nta ya nyuki kutoka Kibondo, akaiyeyusha na mafuta kidogo, akaisugua kwa kitambaa mpaka kaunta ikang'aa kama jiwe la mtoni. Hapo alidondosha tone moja la maji, nalo likasimama kama ushanga, akaita majirani waje kuliona.

Masharti ya kutunza aliyataja kwa vidole, na ulitakiwa kuyarudia. Sufuria ya moto itue juu ya kata ya kitambaa au ubao. Ndimu na nyanya zikimwagika, futa papo hapo. Stili waya marufuku. Nta upya kila baada ya mavuno. Aliwataka wote wa nyumbani wayajue, na mwanaume akisema hayo ni mambo ya jikoni, Fundi alimwambia, "Basi na kinachotoka huko usile."

Alikuwa mtu wa kushangaza kwa mengine pia. Kwake hakukuwa na kaunta. Mke wake alipikia mafiga matatu kwenye kibanda cha udongo, na nilipomuuliza kwa nini, alisema mke wake hajaomba. Alikuwa mkweli mpaka anakera: alimwambia mchungaji mbele ya wazee wa kanisa kwamba sakafu ya madhabahu imepigwa na mlevi. Lakini kwenye bao aliiba kete mchana kweupe, na ukimkamata alicheka mpaka machozi yakamtoka. Shati la kazi alivaa lile lile mwaka mzima, limekakamaa kwa saruji, lakini kucha zake alizikata kila Jumamosi kwa wembe, na hakuingia jikoni mwa mtu bila kunawa.

Na aliheshimu walimu kupita kiasi. Alisoma madarasa machache tu, chini ya turubai, na mwalimu aliyemfundisha kusoma alikuwa kwake mtu wa pili baada ya Mungu. Akinikuta njiani alivua kofia. Nilimwambia aache, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, si askofu. Hakuacha. "Mwalimu akisema," alikuwa akisema, "mimi naandika."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Aliandika nilichosema.

Kaunta yangu ilijengwa na marehemu mume wangu. Fundi aliimaliza siku ya Alhamisi, akaifunika magunia, akayataja masharti, nami nikayarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Wakwe walikuwa waje baada ya wiki mbili kuleta barua ya kumposa binti yangu Upendo. Ijumaa jioni wakapiga simu: wanasafiri mapema, watakuja Jumapili hiyo hiyo. Shangazi wa kijana alikuwa matroni wa bweni moja la wasichana kule Buhigwe, na alikuwa amesikia habari za kaunta yangu. Bweni lilikuwa na jiko kubwa bovu na nyumba sita za watumishi, na alitaka kuona kazi ya Fundi kabla ya kumpa.

Nyuma ya nyumba nilikuwa na mafiga na kivuli kizuri. Ningeweza kupikia huko. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo, na jibu ni jepesi. Nilitaka shangazi huyo anikute nimesimama mbele ya kaunta mpya kama mwanamke wa kwenye televisheni. Basi.

Jumapili asubuhi, siku ya tatu, niliyaondoa magunia. Uso ulikuwa wa kijivu, bado una ubaridi wa unyevu. Nikapandisha jiko la gesi. Nikakaanga migebuka wa ziwani kwa mawese, na mafuta yakaruka na kumwagika, mekundu, nikayafuta, lakini zege ambalo halijapakwa nta lilikuwa limekwisha kuyanywa. Kisha nikaipua sufuria ya wali na kuitua pale pale, bila kata. Nilisikia sauti ndogo, tah, kama mtu amevunja kijiti. Ufa ulianzia chini ya sufuria ukaenda hadi ukingoni.

Nilisugua doa kwa majivu, kisha kwa stili waya. Wekundu ulipungua ukawa rangi ya kutu, na pale niliposugua pakaparuza. Wageni walikuwa wanapiga hodi.

Baada ya kula, yule shangazi aliingia jikoni. Alikuwa mwanamke mwenye macho makali, amezoea kukagua vitanda. Akapitisha kidole kwenye ufa.

"Hii ndiyo kazi yenyewe?" akauliza.

Ningeweza kusema, "Nimeiharibu mimi leo asubuhi." Ni maneno manne. Binti yangu alikuwa nyuma yake amebeba sinia, na mama mkwe wake mtarajiwa alikuwa mlangoni, na mimi sikutaka waende Buhigwe wakisema mama wa binti hana subira.

Nikasema, "Fundi mwenyewe ndiye huyo. Tulimwamini tu. Kazi za wakimbizi unazijua."

Akatikisa kichwa. "Afadhali nimeona mapema," akasema. Barua ilipokelewa, vigelegele vikapigwa.

Mimi ni Muha wa hapa hapa. Bibi yangu mzaa mama alitoka ng'ambo ya mto Malagarasi, upande wa Burundi, na nilikuwa nalijua hilo nilipokuwa nikitamka neno lile.

Siku ya saba Fundi alikuja na nta yake kwenye kopo. Alivua kofia, akanisalimu, akanawa. Alipoiona kaunta aliweka kopo chini. Akapiga magoti, jicho likawa sawa na uso wa kaunta.

"Mwalimu," akasema, "kuna kitu kiliwekwa hapa?"

"Hakuna."

"Cha moto?"

"Hakuna, Fundi. Nilimwagilia maji kama ulivyosema. Siku moja nikafunua, nikaikuta hivyo."

Hata sauti yangu ilikuwa ya darasani, ile ya kumaliza mjadala. Akaniangalia, kisha akaangalia doa. Nilijua kwamba akiinamisha pua atasikia harufu ya mawese. Hakuinamisha. Mwalimu alikuwa amesema.

"Basi ni mchanga wangu," akasema taratibu. "Hii rangi ni udongo mwekundu. Udongo ukibaki kwenye mchanga, saruji haishiki, inapasuka. Mchanga huu ulitoka Titye. Nilidhani ni safi." Akavaa kofia yake, kisha akakumbuka akaivua tena. "Nisamehe, Mwalimu. Nitairudia yote. Hutatoa kitu."

Nilikubali. Naandika tena nilisome vizuri: nilikubali.

Alifanya kazi ya kubandua siku mbili. Tabaka lile lilikuwa limeshika kama limeota. Tindo ilikuwa inarusha cheche. Siku ya pili alasiri alikaa chini, jasho likimtiririka, ameshika kipande kiganjani anakigeuzageuza.

"Ajabu," akasema. "Kitu kibovu hakishiki hivi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Alininyanyulia macho, si kwa kunishuku, bali kama mwanafunzi aliyekwama kwenye hesabu anavyomtazama mwalimu. Nikaweka kikombe chini, nikasema kuku hawajala, nikatoka. Nilikaa nyuma ya nyumba nikiwatupia kuku pumba mpaka niliposikia tindo imeanza tena.

Safari hii niliziheshimu siku saba. Kaunta hiyo ninayo mpaka leo. Ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuiona. Wageni wakiisifia huwa nageuza mazungumzo.

Laiti yangeishia hapo. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kuficha kosa. Yule matroni alipompigia kumwambia kazi ya bweni amepewa mtu mwingine, Fundi alimwambia amefanya vyema, kwamba ni kweli mchanga ulikuwa mbaya. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba. Mchanga ule wa Titye alikuwa ameutumia kwenye majiko mengine manne. Kaunta zote nne zilikuwa nzima, zinang'aa. Alibisha hodi, akavua kofia, akawaambia wenyewe: "Niliwatengenezea kwa mchanga wenye udongo. Itapasuka. Nipeni nafasi niirudie."

Wawili walimcheka. Lakini maneno yalipozagaa sokoni, hata waliocheka walianza kuona nyufa. Mmoja alionyesha mkwaruzo wa kisu. Aliyarudia majiko yote manne, peke yake, mchanga akiufuata mbali kwa baiskeli, mfuko mmoja mmoja. Nilikuwa nakutana naye njiani akiisukuma baiskeli kupanda mlima, matairi yamekaa bapa kwa uzito. Alikuwa bado anavua kofia. Ilibidi aegemeze baiskeli tumboni ili apate mkono wa kuivulia.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita. Mtu anayesema mwenyewe kwamba kazi yake mbovu, utamwitaje? Mwaka uliofuata alihama na mke wake wakaenda Kumsenga, kule Kibondo, walikokuwa na ndugu wa mke. Sikwenda kuwaaga. Nilituma unga.

Upendo aliolewa, akazaa, na miaka ikapita. Ningekuwa mwongo nikisema sikulala kwa ajili yake. Nililala vizuri tu. Ila jikoni, kila nilipopaka nta baada ya mavuno, mikono yangu ilikuwa inafanya kile alichonifundisha, kwa mzunguko ule ule, na nilikuwa najisikia kama mtu anayevaa nguo ya wizi.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilikwenda Kibondo kwenye ubatizo wa mjukuu. Mezani mtu mmoja akataja kwamba nta nzuri siku hizi inatoka kwa mzee fulani wa Kumsenga, aliyewahi kuwa fundi Kasulu. Sikumaliza chakula changu. Kesho yake asubuhi nilikodi bodaboda.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye gogo anachonga mlango wa mzinga. Amezeeka. Vidole vyake vimeliwa na saruji, ngozi imepasuka kama ganda la muhogo. Mke wake alikuwa hatua chache pembeni, anachambua maharage kwenye ungo. Fundi alinitambua kabla sijashuka. Akainuka, akavua kofia.

"Mwakeye, Mwalimu! Karibu, karibu. Kaunta inaendeleaje? Unaipaka nta?"

Nilikuwa nimepanga hotuba njiani kote. Yote ilinitoka. Nikasema nikiwa bado nimesimama, "Fundi, ile ya kwanza niliiharibu mimi. Nilipikia siku ya tatu. Nilikudanganya."

Akakaa tena kwenye gogo, taratibu, kama anayeogopa kwamba halipo.

"Siku ya tatu," akasema.

"Ya tatu."

"Ile rangi?"

"Mawese."

"Na ufa?"

"Sufuria ya wali. Niliitoa motoni nikaitua pale pale."

Akawa anatikisa kichwa kidogokidogo, kama mtu anayehesabu moyoni. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hata kwa msamaha nilikuwa nimejiandaa, nimeuwekea machozi tayari. Hakunipa hata kimoja. Aligeuka akamwita mke wake.

"Njoo. Mwalimu ana neno." Kisha akaniambia, "Rudia. Sema Kiha, aelewe vizuri."

Nikarudia kwa Kiha. Kwa Kiswahili nilikuwa nimelisema kama taarifa. Kwa lugha ya mama yangu neno la kudanganya lilikuwa zito mdomoni, na halikuwa na pembe ya kujificha.

Mama yule alisikiliza hadi mwisho, ungo ukiwa kiunoni. Kisha hakuniangalia mimi. Alimwangalia mume wake.

"Mchanga ule niliuchota mimi," akasema.

Fundi akainamisha kichwa.

"Niliuchota mimi Titye," akamwambia tena, macho bado kwake. "Ndoo kwa ndoo, kichwani. Nilikwambia nimechota katikati ya mto, penye maji yanayokimbia. Ukasema nilichoka nikachota ukingoni penye udongo. Ukasema nimekuharibia kazi ya mikono yako. Tangu siku ile hujaniachia nikuchotee kitu. Hata maji ya kunawa unachota mwenyewe."

Sikuwa nimelijua hilo. Katika hesabu zangu zote za kosa langu, mwanamke huyu hakuwemo kabisa. Nilikuwa nimekula kwake mara mbili, na hakuwemo.

Fundi aliweka kisu chini. Akainuka, akaenda mpaka aliposimama mke wake, na kofia ikiwa mkononi akamwomba msamaha kwa Kirundi, maneno machache ambayo si yangu kuyaandika. Mama alichukua harage moja bovu kwenye ungo, akalitupa, akachukua jingine. Halafu akamkabidhi ungo ule, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji na beseni. Akammiminia mikononi. Naye akanawa, polepole, vidole vile vilivyopasuka, maji yakidondoka juu ya maharage, na hakuna aliyejali.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale kando ya pikipiki. Hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke. Kijana wa bodaboda aliniuliza kwa macho kama tunakwenda. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri, ingawa sikujua nasubiri nini.

Hatimaye Fundi alinigeukia, mikono bado inachuruzika.

"Zile nyumba nne unazijua," akasema.

"Nazijua."

"Anza na yule mjane wa Murusi. Ni mzee sana. Ukichelewa hutamkuta."

Nilianza kwake, Jumatatu, kabla hata ya kufika nyumbani kuweka begi.